Wachezaji Wadogo Katika Sinema Kubwa



Katika ukumbi wa parokia yetu twaonyesha filamu mara moja kwa mwezi, Jumapili jioni baada ya Baraka. Mwaka huu tulianza na filamu za zamani, kwa maana vijana wetu wazijua zile za sasa tu, zenye bunduki nyingi na maneno machache. Ya kwanza ilikuwa Casablanca, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1942, katikati ya vita kuu ya pili. Ilipokwisha tukawasha taa, tukauliza kama ilivyo desturi yetu: Ni nani aliyecheza vizuri kupita wengine? Wavulana wakajibu pamoja: Humphrey Bogart! Wasichana wakasema: Ingrid Bergman! Ndipo mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mkono, akauliza: «Mwalimu, na yule mpiga piano, mtu mweusi, amebakia wapi?»

Watu wakacheka. Kijana mmoja akamwambia: «Baba, yule si mtu mkubwa katika hadithi.» Mzee akajibu: «Mimi nilikuwa ninamtazama yeye.»

Hatukuwa na jibu. Tulifunga ukumbi, tukaenda nyumbani na swali hilo, na makala hii imetokana nalo. Maana katika kila kipande cha filamu yuko mtu aliyepewa maneno mengi na taa zote, na mara nyingine yuko mwingine, pembeni, ambaye macho yetu yamwendea bila kuamriwa. Watu wa sinema wamwita mwizi, kwa kuwa ametwaa kisichokuwa chake. Neno hilo halitupendezi, isipokuwa tukimkumbuka mwizi yule aliyesulubiwa karibu na Bwana wetu. Luka alimpa mistari michache tu, wala hakutuambia jina lake. Hata hivyo watu wanyamaza wakingoja maneno yake.

Kanisa lenyewe halikudharau kazi ya wachezaji. Mlinzi wao ni Mtakatifu Genesio wa Roma, ambaye sikukuu yake ni tarehe 25 Agosti. Masimulizi ya kale yasema alikuwa mchekeshaji, akaigiza Ubatizo mbele ya Kaisari Dioklesiano ili kuudhihaki, na katikati ya mchezo akaamini kweli, akauawa kwa imani hiyo. Kwa habari za sinema yenyewe, Papa Pio XI aliandika barua Vigilanti Cura mwaka 1936, na Pio XII akaandika Miranda Prorsus mwaka 1957. Wazee wetu makatekista walifundishwa hasa juu ya hatari za sinema. Hatari zipo. Lakini kuna pia jambo la kujifunza juu ya kutazama, na twadhani mzee wa mlangoni alikuwa amekwisha kujifunza.

Basi tuliitazama Casablanca mara ya pili, peke yetu, safari hii tukimfuata mpiga piano. Jina lake ni Sam, na aliyemcheza ni Dooley Wilson, aliyezaliwa Texas mwaka 1886. Wilson huyu hakujua kupiga piano! Yeye alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma. Mpiga piano wa kweli, Elliot Carpenter, alipiga mahali pasipoonekana, na Wilson akamwigiza kwa mikono. Lakini tazameni anapokuja Ilsa, mwanamke ambaye bwana wake Rick alimpenda zamani huko Paris. Ilsa aketi karibu na piano, amwuliza Rick yuko wapi. Sam ajua kwamba mambo ya Paris yakirudi katika nyumba hii, machozi yatafuata. Basi amdanganya, kwa upole, kama mtumishi mwema anavyodanganya ili kumlinda bwana wake. Asema hajamwona, asema atakuwa amekwenda kwa mwanamke mwingine. Macho yake hayakai juu ya mgeni. Yaenda kwenye kinanda, yaenda pembeni, yarudi. Ilsa amwambia kwamba zamani alijua kudanganya vizuri zaidi. Bergman ana uso mzuri, na taa zote zimemwangukia. Lakini hofu ya kipande hicho imo katika uso wa Sam. Tusingaliiona, tusingalijua kwamba kuna hatari yoyote. Tungalisema ni wageni wawili wanaongea juu ya muziki.

Na amebakia wapi? Rick auza baa yake kwa mfanyabiashara Ferrari, na katika mapatano yao Sam atajwa: atabaki pale pale na kupata sehemu yake ya faida. Kisha hatumwoni tena. Katika uwanja wa ndege, usiku, penye ukungu, wale wote wanaopendwa na hadithi wakutana na kuagana, naye Sam hayupo. Rick na kapteni Mfaransa waondoka wakisema watakwenda Brazzaville. (Ukumbi wetu ulipiga makofi kwa kusikia jina la mji ulio ng'ambo ya mto wetu, uliofuata upande wa Jenerali de Gaulle tangu Agosti 1940.) Sam hakuagwa na mtu. Sisi tulikuwa tumeiona filamu hii labda mara tano, na hatukuliona jambo hilo.

Katika filamu hiyo hiyo kuna kipande kingine ambacho watu wa nchi nyingi wakikumbuka. Maofisa wa Kijerumani wameizunguka piano, waimba wimbo wao kwa sauti kubwa. Victor Laszlo, mkimbizi anayetafutwa na Wajerumani, ashuka ngazi, awaamuru wapiga muziki wapige Marseillaise. Wapiga muziki wamtazama Rick, mwenye baa. Rick aitika kwa kichwa, kidogo sana. Watu wote wasimama na kuimba, mpaka Wajerumani washindwa na kunyamaza. Kwa maandishi, kipande hicho ni cha Laszlo. Yeye ndiye anayeamuru, yeye ndiye anayeongoza kwa mikono. Paul Henreid amcheza kwa heshima, na koti lake jeupe halina hata kunyanzi.

Lakini baada ya nukta chache twaona uso wa msichana mmoja, Yvonne. Mapema usiku ule aliingia akiwa ameshikana mkono na ofisa Mjerumani, na watu walimtazama kwa dharau. Sasa aimba, na machozi yamtiririka. Hana maneno mengine katika kipande hicho ila wimbo na kuipigia Ufaransa kelele ya uzima. Baada yake hakuna anayemkumbuka Laszlo tena.

Mchezaji huyo ni Madeleine LeBeau, Mfaransa, wakati ule msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Mwezi Juni 1940 alikimbia Paris pamoja na mumewe Marcel Dalio, mchezaji mashuhuri, kwa kuwa Dalio alikuwa Myahudi na Wajerumani walikuwa karibu kuingia mjini. Walifika Lisbon, huko Ureno, wakapata hati za kusafiri. Walipofika Mexico hati zile zikaonekana ni za uongo. Mwishoni Kanada iliwapa hati za muda, wakaingia Marekani. Nyuma yao, huko Ufaransa, Wajerumani walibandika uso wa Dalio kwenye matangazo, kuwafundisha watu namna Myahudi anavyofanana. Katika Casablanca Dalio yumo pia: ndiye mtumishi wa meza ya kamari anayemkabidhi kapteni pesa alizoshinda. Mtu aliyekuwa mkubwa katika filamu za Jean Renoir apewa maneno machache tu, na jina lake halikuandikwa hata katika orodha ya wachezaji! Hata Meja Strasser, yule Mjerumani mkali, alichezwa na Conrad Veidt, aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 pamoja na mkewe Myahudi. Wengi wa waliosimama na kuimba katika ukumbi ule walikuwa wakimbizi kweli. Sasa twafahamu kwa nini uso wa Yvonne watushinda. Henreid aigiza ushujaa. Msichana yule alia kwa ajili ya mji wake, ambao siku ile ya mwaka 1942 ulikuwa bado mikononi mwa adui. LeBeau alifariki Uhispania tarehe 1 Mei 2016, akiwa wa mwisho miongoni mwa wachezaji walioandikwa majina katika filamu ile.

Hapa msomaji ataweza kusema: Basi, mwenye kuteseka kweli ndiye anayecheza vizuri. La, si hivyo tu. Wapo walioteseka na wasijue kucheza. Tuje kwa mwanamke aliyekuwa na yote mawili.

Hattie McDaniel alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, mwaka 1893, kitinda mimba wa watoto kumi na watatu. Baba yake Henry alikuwa mtumwa, kisha askari wa upande wa Kaskazini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Hattie aliimba katika vikundi vya kusafiri tangu ujana wake. Biashara ilipoanguka Marekani mwaka 1929 muziki ulikosa pesa, akapata kazi ya kuhudumia chumba cha kunawia cha wanawake katika nyumba ya starehe huko Milwaukee, mpaka usiku mmoja akaruhusiwa kuimba jukwaani. Mwaka 1931 akaenda Los Angeles kutafuta sinema. Milango iliyokuwa wazi kwa mwanamke mweusi huko ilikuwa mmoja tu: mlango wa jikoni. Akawa mtumishi katika filamu baada ya filamu, mara nyingi bila kuandikwa jina, na siku zisizokuwa na kazi ya sinema akawa mtumishi katika nyumba za watu.

Mwaka 1939 ikatoka Gone with the Wind, ambayo sisi kwa Kifaransa twaijua kwa jina la Autant en emporte le vent. Yadumu karibu saa nne. Na tuseme wazi: filamu hii yasema uongo juu ya utumwa. Yaonyesha watumwa wanaowapenda mabwana wao na kuwalilia wanaposhindwa vita. Mwenye kuitazama aijue hivyo kwanza. McDaniel alipewa nafasi ya yaya. Huyo yaya hana hata jina la Ubatizo. Aitwa Mammy, basi. Hana mume, hana mtoto, hana kijiji. Kazi yake ni kumkaza nguo Scarlett, kumkemea, kumlisha.

Lakini tazameni alivyofanya na nafasi hiyo. Scarlett ameshika nguzo ya kitanda, Mammy anamkaza kiuno, na huku amwamuru ale kabla ya kwenda kwa karamu. Vivien Leigh ni mzuri, ni mwenye hasira, filamu nzima ni yake. Lakini tunapoutazama uso wa McDaniel twaona kwamba katika chumba kile kuna mtu mzima mmoja tu, naye si binti wa nyumba. Baadaye Rhett Butler amletea zawadi ya nguo ya ndani ya hariri nyekundu. Aivaa, naye ajifanya hana habari, huku akitembea hivi hivi ili hariri isikike. Clark Gable, aliyeitwa mfalme wa Hollywood, yuko pale pale na glasi yake mkononi, na watu wacheka kwa sababu ya mwanamke aliyegeuka mgongo!

Kisha ngazi. Mtoto wa Rhett, msichana mdogo, amekufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Melanie, mwanamke mwema wa hadithi, aja nyumbani kwa wafiwa, na Mammy ampokea mlangoni. Wapanda ngazi pamoja, na kamera yapanda nao. Mammy ndiye anayesema njia yote: jinsi bwana alivyomwua yule farasi, jinsi mume na mke walivyorushiana maneno ya kuchomana, jinsi baba alivyojifungia na maiti ya mtoto na kukataa izikwe kwa kuwa mtoto aliogopa giza. Apanga habari moja baada ya nyingine, afuta machozi, apumua kwa shida kwa sababu ya ngazi na kwa sababu ya majonzi, na hatuwezi kutenganisha pumzi hizi mbili. Olivia de Havilland, aliyemcheza Melanie, asikiliza tu, na asikiliza vizuri sana. Yafaa kumsifu kwa hilo, maana mchezaji mwenye choyo angalijitafutia kitu cha kufanya kwa mikono. Hatumwoni mtoto aliyekufa. Hatumwoni Rhett. Msiba wote tumeusikia kinywani mwa mtumishi, na tulipofika juu ya ngazi tumekwisha kulia. Sisi twakiona kipande hiki kupita vyote vya filamu ile, hata kupita moto wa Atlanta uliogharimu pesa nyingi.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Atlanta, tarehe 15 Desemba 1939, kwa shangwe kubwa. McDaniel hakuwapo. Sheria za Georgia hazikuruhusu watu weusi kuketi pamoja na weupe katika jumba lile, na wachezaji weusi wa filamu hawakualikwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na karamu ya wazungu, na kwaya ya Wabatisti weusi ililetwa kuwaimbia wageni. Miongoni mwa watoto wa kwaya hiyo alikuwamo mvulana wa miaka kumi, jina lake Martin Luther King.

Tarehe 29 Februari 1940 zilitolewa zawadi za Oscar katika hoteli Ambassador, Los Angeles. Hoteli hiyo haikupokea watu weusi, na ilibidi mwenye filamu, David Selznick, aombe ruhusa ya pekee ili mchezaji wake aingie. De Havilland alikuwa ametajwa kwa zawadi ile ile. Aliyeipata ni McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kuipata Oscar. Alisimama kutoka meza ndogo iliyowekwa ukutani, mbali na meza ya wenzake wa filamu, akaenda mbele na maua meupe nyweleni, akashukuru, akalia, akarudi ukutani.

Walikuwapo watu weusi waliomlaumu. Chama cha kutetea haki zao, NAACP, na hasa katibu wake Walter White, kiliona kwamba nafasi hizi za watumishi zawadhalilisha watu wao. Yasemwa kwamba yeye alijibu kuwa afadhali kupata dola 700 kwa juma kwa kumcheza mtumishi kuliko dola 7 kwa kuwa mtumishi. Sisi hatuwezi kumpa White makosa, maana aliona mbali. Lakini hatupendi wanaomhukumu mwanamke yule kama mtu aliyekuwa na njia kumi akachagua ile mbaya. Wala hakuwa mwoga. Mwaka 1945 majirani wazungu wa mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, walipowashtaki watu weusi walionunua nyumba pale ili wafukuzwe, McDaniel alikuwa mmoja wa waliowaongoza wenzake mahakamani, na hakimu akaitupa kesi.

Alikufa tarehe 26 Oktoba 1952. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, pamoja na watu wa kazi yake. Wenye makaburi walikataa, kwa kuwa ni mweusi, akazikwa Rosedale. Zawadi yake, iliyokuwa kibao na si sanamu kama za sasa, ilipelekwa Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea huko. Mwaka 1999 katika makaburi yale ya Hollywood liliwekwa jiwe la kumkumbuka, na tarehe 1 Oktoba 2023 chuo kilipewa zawadi nyingine mahali pa ile iliyopotea. Miaka sabini na moja baada ya kifo.

Mchezaji mweusi mwanamume wa kwanza kupata Oscar ya mchezaji mkuu alikuwa Sidney Poitier, tarehe 13 Aprili 1964, kwa filamu Le Lys des champs, ambayo wasomaji wetu wengi waipenda kwa kuwa ni habari ya Masista. Homer Smith, fundi wa kuzungukazunguka, asimamisha gari lake penye nyumba ya Masista wachache wenye kusema Kijerumani, huko Arizona, kuomba maji. Mama Mkubwa amtazama na kuamini kwamba Mungu amemleta awajengee kikanisa. Safari hii mtu mweusi ndiye mwenye filamu, na anayemnyang'anya macho yetu ni mama wa kizungu mwenye uso kama mlango uliofungwa! Ni Lilia Skala, aliyezaliwa Vienna mwaka 1896, naye pia mkimbizi: aliondoka Austria baada ya Wajerumani kuitwaa mwaka 1938, kwa kuwa mumewe alikuwa Myahudi.

Sisi makatekista hatuchoki kukitazama kipande kile Homer anapodai mshahara wake. Yeye ni Mbatisti, aijua Biblia. Afungua Luka 10,7, amwonyesha mama kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Mama hapepesi jicho. Ampeleka Mateo 6,28, asome juu ya maua ya kondeni. Poitier afanya yote ambayo mtu aweza kufanya kwa uso: acheka, akasirika, akubali kushindwa. Skala hafanyi kitu. Ageuza karatasi za kitabu, basi. Filamu hiyo, iliyopigwa kwa muda wa majuma mawili tu, yamngoja mama yule aseme asante mara moja. Hasemi. Mwishoni Homer amtega kwa somo la Kiingereza, na neno lamtoka kama sehemu ya somo. Kisha Masista waendelea kuimba, na Homer atoka polepole usiku, awasha gari lake. Skala alitajwa kwa Oscar, hakuipata.

Imebaki filamu moja, na hii yatugusa sisi wenyewe, kwa kuwa sehemu yake ilipigwa Kongo. Ni The Nun's Story ya Fred Zinnemann, kwa Kifaransa Au risque de se perdre, iliyotoka mwaka 1959. Yaeleza maisha ya Sista Luka, muuguzi Mbelgiji aliyechezwa na Audrey Hepburn, tangu kuingia utawani mpaka kutoka. Mwanzoni mwa 1958 Zinnemann na watu wake walikuja Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakapiga hospitali, mto, misheni, na kijiji cha wenye ukoma. Filamu hiyo ina wachezaji wakubwa wa Uingereza, Edith Evans na Peggy Ashcroft, kila mmoja akiwa Mama Mkubwa wa nyumba yake, na kila mmoja ana nafasi fupi ambayo haisahauliki. Colleen Dewhurst, katika filamu yake ya kwanza, amcheza mgonjwa wa akili anayejiita Malaika Mkuu Gabrieli. Aomba maji usiku, Sista Luka amfungulia mlango peke yake, kinyume cha amri. Ni dakika chache tu, na mtazamaji hupata jasho.

Na Wakongo? Wenye nafasi za kusema walitoka mbali: Orlando Martins alizaliwa Lagos, na Errol John alitoka Trinidad. Watu wetu ni wale wa nyuma. Wamebeba mizigo, wamelala vitandani, wamekaa kando ya mto, watazama kamera kwa kuiba. Wakati ule tume ya serikali ya kikoloni ndiyo iliyochagua filamu zipi Mwafrika aruhusiwe kuziona. Ni kweli kwamba mapadri wengine walikuwa wakitengeneza sinema pamoja na Wakongo: huko Kasai, Padri Albert Van Haelst wa Scheut aliwapa watu Matamata na Pilipili, wacheshi wawili ambao wazee wa upande ule wawakumbuka na kucheka hata sasa. Filamu zile zilikuwa za kufundisha, na mara nyingine zilitufundisha kama watoto. Lakini ndani yake mtu mweusi alikuwa na jina, na watu walilitaja njiani.

Mwezi uliopita tulionyesha Au risque de se perdre. Tulimwita yule mzee wa mlangoni aketi mbele, akakataa. Asema mlangoni aona vizuri. Tulipofika sehemu ya Stanleyville mama mmoja mzee wa parokia yetu, mzaliwa wa Kisangani, alisimama, akaja mpaka karibu na kitambaa cheupe. Mwaka 1958 alikuwa mtoto. Kaka yake mkubwa alikuwa miongoni mwa waliolipwa kusimama mbele ya kamera siku kadhaa. Alikufa katika machafuko ya mwaka 1964, na nyumbani haikubaki picha yake hata moja.

«Mwalimu, simamisha hapo.»

Tukasimamisha. Mbele alikuwapo Audrey Hepburn katika vazi jeupe la utawa. Mama hakumtazama. Alikuwa akimtazama kijana mmoja nyuma, upande wa kushoto, mwenye shati lililofunguliwa shingoni. Alitazama kwa muda mrefu, na hakuna mtoto aliyepiga kelele.

«Hapana, si yeye,» akasema. «Endelesha.»

Tukaendelesha, polepole.